Bruda aliyechukia jiko: kijitabu cha zamani nilichokinunua kwa elfu mbili

Nianze na bei, maana ndiyo watu huniuliza kwanza. Muuzaji alitaja elfu tano. Alikuwa ametandaza turubai la bluu kando ya barabara, karibu na stendi, Iringa mjini: vitabu vya shule vilivyochakaa, majarida ya mitindo ya nywele, riwaya za Kiingereza zenye wanawake wanaolia kwenye jalada, na katikati yake kijitabu chembamba kama daftari la madeni la dukani, rangi ya chai ya maziwa. Nilikiokota kwa sababu ya udogo wake. "Hicho cha dini mama, kikongwe kabisa, elfu tano." Nikamwambia, mwanangu, kama ni kikongwe si ndiyo kishuke bei? Akacheka. Tukamalizana kwa elfu mbili, akanifungia kwa kipande cha gazeti.

Mimi ni mpishi. Huu ni mwaka wa kumi na tisa napika kwenye shule moja ya sekondari ya bweni huku nyanda za juu: wanafunzi 480, wapishi wanne, kijana mmoja wa kuni na maji, na jiko ambalo paa lake limejaa masizi hata mvua ikinyesha sana yanadondoka matone meusi. Saa kumi alfajiri nawasha moto wa uji. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya huku inakata masikio, na wanafunzi hupita jikoni kwa visingizio vya kila aina ili waote moto. Wananiita Mama Jikoni. Wanaojua jina langu ni wachache. Nayaeleza haya ili msomaji ajue nakisema kitabu hiki nikiwa nimesimama wapi. Sijasoma teolojia. Ni Mlutheri wa kuzaliwa, na sikuwa natafuta kitabu cha mtawa wa Kikatoliki. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne cha zamani, na pembeni nina kamusi ya TUKI ambayo mwanangu aliiacha alipokwenda chuo.

Kitabu kinaitwa The Practice of the Presence of God. Kwa maneno yangu, mazoea ya kukaa mbele za Mungu. Aliyesema yaliyomo ni bruda mmoja wa Ufaransa, Lawrence wa Ufufuko, aliyefariki Paris tarehe 12 Februari 1691. Nasema "aliyesema" kwa makusudi, kwa sababu hakuketi akaandika kitabu. Padri mmoja, Joseph de Beaufort, alifanya naye mazungumzo manne, la kwanza tarehe 3 Agosti 1666, akayaweka kwenye karatasi. Bruda alipokufa, padri akayachapisha, na barua za marehemu zikachapishwa pia. Toleo langu lina mazungumzo manne na barua kumi na tano, basi. Mtu anayejua Kiingereza vizuri anaweza kukiinjika kitabu pamoja na maharage akakimaliza kabla hayajaiva. Mimi kimenichukua miezi minane na bado nakirudia.

Nilikifungulia ndani ya hiace, tukisubiri ijae. Kilifunguka chenyewe kwenye mazungumzo ya pili, jicho likaangukia maneno machache yaliyowekwa kwenye mabano kana kwamba ni jambo dogo: kwamba kazi ya jikoni bruda huyu aliichukia kwa asili yake. Neno alilotumia mfasiri sikulijua barabara. Nikalishika kichwani mpaka nyumbani, nikalitafuta: karaha, chuki, kutotaka hata kukisogelea kitu. Nikakaa kwenye kigoda bila hata kuvua viatu.

Maana maisha yangu yote nimesikia mahubiri ya Martha na Mariamu, na kila mara Martha wa jikoni ndiye anayeambiwa anasumbuka na kufadhaika kwa ajili ya vitu vingi. Sijawahi kumsikia mtu wa Mungu akikiri kwamba jiko lenyewe halipendi. Mimi silipendi. Sijamwambia mtu, hata dada zangu. Nilianza kupika kwa sababu mume wangu alifariki na nafasi iliyokuwepo ilikuwa hiyo. Nilidhani ni ya mwaka mmoja. Na huyu bruda alikaa jikoni miaka kumi na tano, tena akiwa na mguu mbovu.

Mguu huo aliumia vitani. Kabla ya utawa alikuwa Nicolas Herman, kijana wa Lorraine, askari katika ile Vita ya Miaka Thelathini iliyoichoma Ulaya ya kati. Baadaye akawa mtumishi wa mweka hazina mmoja, na mwenyewe anasema alikuwa jitu zito lisilo na mikono, kila alichokishika alikivunja. Mwaka 1640 akaingia kwa Wakarmeli wa Paris, na sababu anayoitoa ilinichekesha peke yangu usiku: alitumaini kule watawa watamwadhibu vizuri kwa uzembe wake, naye atamtolea Mungu mateso hayo. Analalamika kwamba Mungu alimwangusha, kwa kuwa alichokikuta humo ni furaha tupu. Jikoni kwetu tuliwahi kuwa na msichana wa namna hiyo, akishika sahani ya mwalimu ujue imekwenda. Tungekuwa na subira kidogo, nani ajuaye.

Sasa kuna habari ya mti. Bruda anasimulia kwamba alipokuwa na miaka kumi na minane, wakati wa baridi, aliuona mti uliopukutisha majani yote, akawaza kwamba muda si mrefu utachipua, utatoa maua, utazaa. Na wazo hilo likamjaza kumjua Mungu kwa namna ambayo haikumtoka tena. Nilisoma, nikapita. Baridi ya Ulaya mimi naijua kwa kadi za Krismasi tu. Lakini mwezi wa nane nilikuwa na harusi Dar, nikapanda basi. Ukishashuka mteremko wa Kitonga unaingia lile bonde la mibuyu, mto Ruaha ukiwa pembeni, na mwezi wa nane mbuyu hauna hata jani moja. Imesimama kijivu maelfu kwa maelfu, mizizi juu, kama wazee wanavyosimulia kwamba Mungu aliichomeka kichwa chini. Nimepita pale tangu nikiwa msichana na sikuwahi kuitazama, nilikuwa natazama wauza vitunguu. Safari hii niliitazama mpaka shingo ikauma. Desemba nikapita tena kwenda kula sikukuu kwa mdogo wangu, mibuyu ile ile imevaa kijani mpaka vidoleni. Bruda aliuona ule mkavu tu, akaamini yaliyobaki. Mimi ilibidi nilipe nauli mara mbili.

Hilo ndilo zuri la vitabu vya kale kwangu, nadhani. Kitabu cha zamani hakikujui na wala hakikutafuti. Pale kwenye turubai kulikuwa na vya kisasa vingi vya dini, vyenye picha ya mwandishi amevaa suti, hatua saba za kufanikiwa, siri tisa za wanaobarikiwa, na ukurasa wa mwisho una namba ya kutuma sadaka. Nimewahi kununua viwili. Unavisoma ukiwa umekaa kama mteja. Huyu bruda hana anachoniuzia, amekufa miaka mia tatu na zaidi, mazungumzo yake na yule padri ni kama ya watu wawili wanaoongea barazani nawe umepita na ndoo kichwani ukasikia nusu. Ile nusu ndiyo inayokufuata mpaka nyumbani.

Nieleze basi anachofundisha, kwa kifupi, maana si kirefu. Kabla ya kuanza kazi alimwambia Mungu kwamba sasa anaingia kwenye kazi, na akaomba wabaki pamoja. Akiwa katikati ya kazi aliendelea kuongea naye, kwa maneno ya kawaida. Akimaliza alijikagua: kama imekwenda vizuri alishukuru, kama imeharibika aliomba msamaha na kuendelea bila kukata tamaa. Mwisho. Anasema kwamba kwake saa ya kazi haikuwa tofauti na saa ya sala, na kwamba katika makelele ya jikoni, watu kadhaa wakimwita kwa mara moja kila mmoja anataka chake, alikuwa na Mungu kwa utulivu kama aliyepiga magoti mbele ya Ekaristi.

Nilijaribu. Wiki ya kwanza nilikumbuka mara moja tu, Jumapili, nikiwa nachambua mchele. Siku nyingine nilikuja kukumbuka usiku nikiwa kitandani, miguu inawaka, na kilichobaki ni kulala. Bruda mwenyewe anakubali kwamba mwanzoni ni kazi, na kwamba mazoea yanakuja taratibu, kwa hiyo sikukasirika. Nikabuni alama: kila ninapofunika sufuria, ule mlio wa mfuniko, basi namwambia, "Haya Baba, tuko wote." Sufuria zetu kubwa ni tano na zinafunikwa na kufunuliwa mchana kutwa, kwa hiyo hesabu ilipanda. Mwenzangu mmoja aliniuliza kama siku hizi naongea na maharage.

Na maharage ndiyo yaliyonipa mtihani. Mwezi wa tisa tuliunguza. Nilikuwa nimekwenda stoo kubishana na mtunza stoo juu ya kipimo cha mafuta (kipimo chake na changu havijawahi kukutana), na aliyebaki jikoni alidhani mwenzake ndiye anayeangalia moto. Kilo hamsini, sufuria mbili. Nilisikia harufu nikiwa uwanjani. Anayejua kupika anajua: yakishaungua usikoroge, ukikoroga umekwisha, unayahamisha ya juu taratibu na upawa, bila kugusa chini. Tulifanya hivyo, lakini moshi ulikuwa umeshapanda mpaka juu. Wanafunzi walikula, wengine walimwaga, mwalimu wa zamu akaandika kwenye kitabu chake.

Mimi wa zamani ningeibeba aibu hiyo wiki nzima. Najijua. Ningewafokea wasichana wa jikoni, ningekuwa naonja kila dakika, na kwa hofu kesho yake ningezidisha chumvi, maana mkono unaotetemeka hauna kipimo. Usiku ule nilisoma pale bruda anaposema alivyofanya alipokosea. Alimwambia Mungu tu kwamba ukiniacha peke yangu nitafanya hivi hivi siku zote, ni juu yako kunizuia nisianguke na kurekebisha kilichoharibika. Na baada ya hapo hakujisumbua tena.

Nikaudhika, nisifiche. Nilikiona chepesi mno. Mungu hakuyala yale maharage, wameyala watoto wa watu, wengine wana njaa ya tangu nyumbani. Nikafunga kitabu nikazima taa. Lakini usingizi haukuja, na gizani nikayasema yale maneno, kwa Kiswahili changu, kwa hasira kidogo. Ndipo nikaona kitu ambacho sijakipata kwenye hubiri lolote: aibu yangu ya wiki nzima haijawahi kumlisha mwanafunzi hata mmoja. Ilikuwa yangu mimi na sura yangu mimi. Asubuhi, baada ya uji, niliomba ruhusa kwa mwalimu nikasimama bwaloni, upawa mkononi kwa sababu nilisahau kuuweka, nikawaambia wanangu, jana tuliwakosea, poleni, tulizembea. Walinyamaza kwanza, halafu mmoja wa nyuma akasema, "Tumekusamehe Mama, ila leo weka nazi." Nazi iko wapi Iringa kwa bajeti ile! Bwalo zima likacheka. Nikarudi jikoni, nikaweka chumvi, mkono umetulia.

Kwa kifungu hicho kimoja elfu mbili yangu imerudi. Sasa niseme na yasiyonipendeza, maana sifa tupu si tathmini.

Kwanza uandishi. Padri Beaufort anaandika mazungumzo kwa kuripoti: kwamba alisema hivi, kwamba alisema vile, kwamba, kwamba, kwamba, ukurasa mzima. Unatamani umsikie bruda akikohoa, akicheka, akisema "ngoja nigeuze sufuria". Humsikii. Kwenye barua anaongea mwenyewe na ndipo kitabu kinapopata damu, ila naye anajirudia. Jambo lile lile analiandika kwa huyu na yule. Kiingereza chenyewe ni cha kizamani, na mtu asiye na kamusi atachoka upesi.

La pili ni zito zaidi. Huyu mtu hakuwa na ada ya kulipa. Mkate wake ulikuwa wa uhakika, kitanda chake cha uhakika, hakuwa na mtoto wa kumpigia simu usiku kwamba hosteli wamemfungia mlango. Kuna mahali anasimulia alivyotumwa Burgundy kununua divai ya nyumba. Hakuwa na akili ya biashara, na kwa sababu ya mguu wake alitembea ndani ya mashua kwa kujiviringisha juu ya mapipa. (Picha hiyo nimeipenda mno, jitu zima linabingirika juu ya mapipa huku linasali.) Alimwambia Mungu kwamba shughuli hii ni yako, na baadaye akakuta imekwenda vizuri sana. Mwaka uliotangulia alitumwa Auvergne kwa kazi hiyo hiyo, na anasema hajui ilikwendaje, ila ilikwenda vizuri. Jamani. Mimi nikitumwa sokoni kununua maharage gunia sita, nikarudi nikamwambia mhasibu sijui imekwendaje ila imekwenda vizuri, nitalala ndani. Watawa wenzake nadhani walimpenda sana, au kuna mtu mwingine alikuwa anashika risiti.

Kwa hiyo msomaji mwenye familia ajiandae kukichuja. Lakini asikichuje mpaka akadhani bruda alikuwa mtu wa raha. Mazungumzo hayo hayo yanataja miaka minne ambayo aliamini kabisa kwamba atapotea milele, na watu wote wa duniani wasingeweza kumtoa kwenye imani hiyo. Aliendelea kufanya kazi kwa ajili ya Mungu hata hivyo, akijisemea kwamba iwe atapotea au ataokoka, angalau atakuwa amempenda mpaka kufa. Nilipofika hapo niliacha kumwonea wivu kwa mkate wake. Nilikumbuka mwaka ule wa kwanza baada ya msiba, nilivyokuwa nakwenda kanisani nikiwa mtupu kama debe, naimba kwaya kwa sababu sare nilikuwa nimeshashonewa.

Barua mbili nimeziwekea kipande cha kanga. Moja anamjibu mtu ambaye mawazo yake yanatangatanga akisali. Anamwambia asishangae, na akae mbele za Mungu kama ombaomba bubu au aliyepooza mlangoni kwa tajiri. Basi. Hamwambii ajikaze, hamwambii afunge siku tatu. Jumapili mimi huanza Sala ya Bwana vizuri, nikifika "mkate wetu wa kila siku" tayari niko stoo nahesabu unga. Siku hizi nikijikuta stoo nabaki mlangoni kwa tajiri, unga wangu mikononi.

Ya pili ni ya mfalme. Anajiona kama mkosaji mbaya kuliko wote, amejaa vidonda, anakwenda kukiri makosa mbele ya mfalme wake na kujitupa mikononi mwake afanywe lolote. Na yule mfalme, badala ya adhabu, anamkumbatia, anamketisha mezani pake, anamhudumia kwa mikono yake mwenyewe, anampa na funguo za hazina. Msomaji mwingine atapita hapo kama anavyopita mifano mingine. Mpishi hawezi. Mpishi hula mwisho, amesimama, akikwangua ukoko huku anaulizwa kama chai ya walimu iko tayari. Katika miaka yangu kumi na tisa sikumbuki siku niliyopakuliwa chakula kazini. Bruda aliyeandika vile alikuwa amepakulia wenzake miaka kumi na tano, alijua uzito wa kila neno aliloliandika: ameketishwa, amehudumiwa, kwa mikono. Sikuweza kuendelea usiku ule. Niliweka maji ya chai, nikajipikia, nikakaa kitini, nikanywa nimekaa.

Kuhusu nakala yenyewe. Gundi imekufa, kurasa zinatoka kama majani ya mgomba. Maandishi ni madogo, kwa macho ya miaka hamsini na tatu unahitaji miwani na taa nzuri. Ile ya sola inatosha ikiwa imeshiba jua. Kina mhuri wa maktaba ya kanisa fulani la mbali uliofifia. Na kibaya zaidi, mwishoni kurasa zimechanwa: barua ya kumi na moja inakatikia katikati ya sentensi na baada yake ni jalada. Nilirudi kwa yule kijana wa turubai kumlalamikia, akaniambia, "Mama, kwa elfu mbili ulitaka na mwisho?" Sikuwa na jibu.

Mpwa wangu ndiye aliyenitatulia. Kitabu ni cha zamani kiasi kwamba hakimilikiwi na mtu, kinapatikana bure mtandaoni: Project Gutenberg wanacho, na ile maktaba ya vitabu vya kale vya Kikristo ya CCEL kule Michigan wanacho pia. Alikipakua kwenye simu yangu kwa bando la shilingi mia tano na likabaki. Nikasoma barua nne zilizochanwa nikiwa nimekaa kwenye gogo nje ya jiko. Ya mwisho kabisa ni ya tarehe 6 Februari 1691. Anamwandikia mtu kumfariji, na karibu na mwisho anataja, kama anayeaga kwenda kisimani, kwamba anatumaini kwa huruma ya Mungu kumwona ndani ya siku chache. Siku sita baadaye akafa. Ningebaki na nakala ya turubai ningelikosa hilo. Kwa hiyo ushauri wangu kwa mnunuzi wa mitumba: geuza kitabu, angalia nyuma kwanza.

Watu wataniuliza kama wasome hiki au vile vikubwa vyenye majina. Nimejaribu viwili. Maungamo ya Agostino nilipenda zaidi kwa sababu ni Mwafrika mwenzetu, mzaliwa wa Thagaste, Algeria ya leo, mwaka 354, na ile habari ya kuiba mapera ya jirani wakati nyumbani kulikuwa na mazuri zaidi, kila aliyekulia kijijini ataielewa. Lakini kitabu cha kumi na moja anapoanza kuuliza wakati ni kitu gani, nilikwama kama lori Kitonga. Thomas à Kempis naye, yule wa kitabu cha Kumfuasa Kristo, ni wa kusoma robo ukurasa na kuweka chini. Ana ukweli wake, ila ukimsoma umechoka unajiona uko mbele ya mama mkwe. Bruda Lawrence ni wa kusoma ukiwa umechoka. Nadhani alikuwa amechoka alipoyasema.

Na kuna kichekesho ambacho wachapishaji hawakiandiki nyuma ya jalada. Barua ya kwanza kabisa anasema alisoma vitabu vingi vyenye njia mbalimbali za kumwendea Mungu, akaona vitamchanganya kuliko kumsaidia, akaviacha. Nami nimepata hayo kwenye kitabu.

Asiyekifaa: anayetaka hatua zenye namba, anayetaka kujua mafundisho ya kanisa, na yeyote anayekerwa na utawa na Ekaristi kiasi cha kutoweza kuruka mstari. Mchungaji wetu alikiangalia, akakipindua, akasema si kibaya. Kwa Mchungaji wetu hiyo ni sifa kubwa. Kwa nyota natoa nne. Ya tano ningeitoa kama bruda angesema hata neno moja juu ya moshi.

Nakala ya karatasi kwa sasa sinayo. Anayo kijana wa kuni, aliyeniona nikisoma akaniuliza ni cha nini, nikamwambia ni cha mpishi mwenzetu wa zamani. Anasoma mstari mmoja mmoja, kamusi nimempa. Juzi nilimweleza jambo ambalo kwenye toleo letu halimo, nimelikuta kwingine: kwamba bruda alisema huigeuza omeleti yake ndogo kikaangoni kwa ajili ya kumpenda Mungu. Akasimama na mzigo wa kuni begani, akafikiri.

"Kwa hiyo Mama, huyu babu alikuwa anauza chipsi mayai?"

Nikamwambia aziweke kuni chini kwanza, ndipo tuongee.